Plastiki Iliyokufa

Bi Msasa aligonga mfuniko wa paa kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akagonga tena pembeni kidogo. Alikuwa amepiga magoti juu ya gari-nyumba la shemeji yake, jua likimchoma mgongo, na mumewe alikuwa chini ameshika ngazi.

"Umekufa huu," alisema.

"Gonga vizuri."

"Nimegonga vizuri, Baba Chiriku. Plastiki hai ukiigonga inasema du. Hii inasema ka. Panda usikie mwenyewe, kama unadhani masikio yangu yana nta."

Mumewe hakupanda. Mtaani walimwita Kioo, maana chombo chochote kilichopita mikononi mwake kilirudi kwa mwenyewe kikiwa kinang'aa mpaka mtu aweze kujitazama meno. Mkewe walimwita Bi Msasa kwa sababu mbili: kazi yake ilikuwa kupiga msasa, na ulimi wake nao haukuacha kitu na magamba. Walitafuta riziki kwa plastiki za magari zilizopauka kwa jua: mabampa, vishikio vya milango, vifuniko vya taa. Mke aliosha, akagonga, akapiga msasa. Mume alipaka dawa ya kukinga jua na kung'arisha. Na nyumba yao ilikuwa na sheria moja tu ya kazi, kwamba hakuna kipande kinachopakwa dawa kabla Bi Msasa hajakigonga. Kilichosema ka kilitupwa, na mwenye gari akaambiwa anunue kingine. Wateja walinung'unika, lakini walirudi.

Gari-nyumba lile lilikuwa basi dogo lililogeuzwa chumba. Lilikuwa na kitanda upande wa nyuma, jiko la gesi, sinki, na benchi fupi kando ya mlango wa ubavuni. Juu ya kitanda palikuwa na tundu la hewa, na juu ya tundu ndio huo mfuniko, mweusi, mpana kama sinia la harusi. Mweusi zamani. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameliacha juani miaka chungu nzima bila hata turubai, na sasa ukipitisha kiganja juu ya plastiki zake kilitoka na unga mweupe kama umeshika chaki.

"Basi mwambie kaka yako anunue mfuniko," Bi Msasa alisema akishuka. "Mwambie leo. Mama atalala chini ya kitu hiki gari likiwa linakwenda mbio. Upepo ukiuingia kwa chini, utapasuka vipande vipande, na vipande vitamwangukia usoni. Yeye na Chiriku."

Kioo alitazama chini, akafuta mikono yake kwenye kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Nitamwambia," alisema.

Kaka Mkubwa ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Kioo na familia yake walikaa kwenye vyumba viwili vya uani, na kazi yao waliifanyia hapo hapo uani. Kaka Mkubwa hakuwatoza kodi, na hakuacha kuwakumbusha kwamba hawatozi. Gari-nyumba alilinunua ampeleke mama yao kwa dada yake, safari ya mchana kutwa, dada ambaye mama hakumtia machoni tangu watoto wao hawajaota ndevu. Mke wa Kaka Mkubwa alikuwa ametangulia kwa basi, eti kwenda kuandaa mapokezi. Ukweli ni kwamba alilitazama gari lile mara moja tu, akasema yeye bado anaipenda roho yake.

Jioni ile Kaka Mkubwa alikuwa barazani anakula chungwa. Bi Msasa alikuwa akianika vitambaa karibu, karibu kiasi cha kusikia, na alimwona mumewe akisimama mbele ya nduguye kama mtoto aliyepeleka salamu. Viti vilikuwa viwili. Hakuna aliyesema karibu.

"Kaka," Kioo alianza. Maneno yalikuwa hayamtoki upesi mbele ya kaka yake. Yalijikusanya kooni, yakasukumana. "Ule mfuniko wa... wa paa. Ni bora ubadilishwe. Na pia..."

"Na pia nini? Na pia injini? Na pia matairi?" Kaka Mkubwa alitema mbegu kwenye kiganja. "Mdogo wangu, mimi nimekuletea gari uling'arishe. Hiyo si ndiyo kazi yako? Ingekuwa ni kuambiwa ninunue, ningeenda kwa muuza vipuri, maana yeye halali uani kwangu."

"Ndiyo, kaka. Ila..."

"Ila mkeo kagonga, kasema umekufa. Nimezisikia habari zake. Kwani yeye daktari? Wewe lipake hilo gari ling'ae. Ijumaa asubuhi tunaondoka, majirani watakuwepo. Sitaki kuonekana ninamsafirisha mama yangu kwenye jivu."

Kioo alisema ndiyo mara mbili zaidi, moja ya ziada, kisha akageuka. Bi Msasa alijifanya anakunja kitambaa. Moyo wake ulimuuma, si kwa mfuniko tu, bali kwa mgongo wa mumewe, jinsi ulivyokuwa umeinama akivuka uwanja.

"Ulikuwa unataka kusema na pia nini?" alimuuliza walipofika ndani.

"Hakuna."

"Nimesikia na pia."

"Ni maneno tu, Mama Chiriku. Yalinitoka."

Angembana zaidi, na siku nyingine angembana. Lakini kuna wakati mtu anamwona mwenzake ameshavuliwa nguo vya kutosha, akaamua kuangalia pembeni. Akamtengea chakula.

Siku ya pili yake mama mkwe aliomba asindikizwe sokoni kununua kitambaa cha kumpelekea dada yake. Bi Msasa akaenda naye. Walirudi mchana jua likiwa la utosi, na kabla hawajafika uani Bi Msasa alisikia mvumo wa mashine ya hewa moto.

Alitua kikapu. Kioo alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha gari, mashine mkononi, anapuliza plastiki ya mlango. Plastiki ilikuwa ikigeuka mbele ya macho, kutoka kijivu cha jivu kuwa nyeusi tii, kama imetoka dukani. Mfuniko wa paa nao ulikuwa umeshapulizwa.

"Moto?" Bi Msasa alisema. "Baba Chiriku, moto?"

"Dawa peke yake haishiki tena. Imepauka mno."

Mashine ile walikuwa nayo, lakini waliitumia kukaushia tu. Kila fundi wa plastiki anaujua ujanja wa moto, na wengi wanaishi kwa ujanja huo. Moto unayaita mafuta yaliyobaki ndani ya plastiki yaje juu. Gari linapendeza, mteja anatabasamu, fundi anapokea chake. Ila mafuta yale ndiyo yaliyokuwa akiba ya mwisho. Yakishakuja juu, ndani kunabaki ganda kavu, na jua likirudi hakuna cha kulizuia.

"Uliapa hatutafanya hivi," Bi Msasa alisema kwa sauti ya chini.

"Niliapa nikiwa nakaa wapi?" Kioo alizima mashine. Macho yake yalikuwa mekundu, kwa joto au kwa kingine. "Niambie. Tukitoka hapa tunakwenda wapi? Tutafanyia kazi barabarani? Funika kombe mwanaharamu apite. Ni safari moja tu. Wakirudi, mimi mwenyewe nitatafuta mfuniko, nitaufunga bila hata yeye kujua."

"Na lile komeo la plastiki la mlango wa ubavuni? Nilikuwa bado sijaligonga. Lilikuwa ndani ya mlango."

"Nimelifungua mimi. Nimelisafisha, nimelirudisha."

"Umeligonga?"

"Nimeligonga."

"Linasemaje?"

Kioo aliinama, akaokota kifuniko cha chupa ya dawa kilichoanguka. "Linasema du," alisema.

Mama mkwe alikuwa amefika, anapepea uso kwa ncha ya mtandio. Alilizunguka gari, akafurahi mpaka akacheka peke yake. "Hee! Hili si ndilo lile la juzi? Mwanangu una mikono ya baraka."

"Mama, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," Bi Msasa alimwambia. "Usilale chini ya huo mfuniko. Nakuomba."

Mama mkwe alimtazama, akamshika mkono. Walikuwa watu wa kutaniana, hawa wawili, na mara nyingi walikuwa upande mmoja dhidi ya wanaume wa nyumba ile. "Mwanangu, nikikaa kwenye gari natapika. Nikilala, nafika. Na mimi mwenyewe nimepauka hivi, hakuna wa kunipaka dawa. Dada yangu naye kapauka huko aliko. Niache nikamwone kabla hatujasema ka sote wawili."

Alicheka. Bi Msasa hakucheka. Aliingia chumbani kwao, akakaa kitandani, na kikapu cha sokoni akakisahau nje mpaka mboga zikanyauka.

Ijumaa asubuhi majirani walikuwepo kweli, kama Kaka Mkubwa alivyotaka. Wengine walikuja kuaga, wengine kuangalia, na wengine kuangalia wanaoangalia. Gari liling'aa mpaka watoto walijitengenezea nyuso za kuchekesha kwenye bampa. Kaka Mkubwa alivaa miwani ya jua, akawa anapita akiligusa kwa kidole kimoja. "Kazi ya mdogo wangu," alimwambia kila aliyekuwa karibu. "Nikimbana huwa anaweza." Kioo alisimama nyuma, karibu na ndoo, akikubali kwa kichwa.

Ndani, mama mkwe alikuwa ameshapanda kitandani kujaribu, na Chiriku kando yake. Chiriku alikuwa na miaka tisa na jina lake lilimkaa sawasawa. Tangu alfajiri mdomo haukufungwa. "Bibi, ukilala hivi unaona anga? Bibi, tukipita chini ya mti utaniamsha? Mama, njoo uone, kitanda kinaruka!"

Bi Msasa alichungulia mlangoni. Aliona vichwa viwili kwenye mto mmoja, cheupe na cheusi, na juu yao ule mfuniko uliopakwa uzuri. Alijua anachotaka kufanya, na alijua kitawagharimu nini: vyumba viwili, uwanja, maji ya bomba, na amani ya ndugu wawili. Alijaribu kujiambia huenda upepo usiwe mkali. Hakuweza kujidanganya, masikio yake yalikuwa yameshasikia.

"Chiriku, mshushe bibi," alisema. "Njooni muage watu kwanza."

"Tumeshaaga, mama."

"Muage tena."

Walishuka. Bi Msasa aliegemeza ngazi kwenye ubavu wa gari, akapanda. Kaka Mkubwa alimwona, akacheka. "Anakwenda kuufuta vumbi. Huyu hachoki." Bi Msasa alipiga magoti juu ya paa, akakunja ngumi, akaugonga mfuniko mara moja, kwa nguvu ambayo mtu angegongea mlango wa jirani.

Haukupasuka kwa ufa. Ulisambaratika wote, na vipande vikamiminika juu ya kitanda, juu ya mto, kwa mlio wa sahani zinazoanguka. Hata Chiriku alinyamaza.

"Ngumi ya mwanamke," Bi Msasa alisema kutoka juu. "Shemeji, hiyo ni ngumi tu. Upepo wa barabara kuu ungefanya nini?"

Kaka Mkubwa alivua miwani. Kwa muda alionekana kama mtu aliyepigwa kofi hadharani, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa, maana jirani mmoja alikuwa ameguna na mwingine amejiziba mdomo. "Shuka," alisema. "Shuka kwenye gari langu. Umeniaibisha mbele ya watu kwa kusudi. Mimi ninawaweka, ninawalea, hamlipi hata thumni, na haya ndiyo malipo yangu? Nikirudi nisikute uani kwangu hata ufagio wenu. Umesikia, mdogo wangu? Hata ufagio!"

Kioo alifungua mdomo. Bi Msasa, akishuka ngazi, alimtazama na kumngoja. Midomo ya mumewe ilitikisika, neno likafika karibu kabisa. Kisha likarudi.

Mama mkwe ndiye aliyesema. Alikuwa ameingia garini, akatoka na kipande kirefu chenye ncha alichokiokota juu ya mto wa kulalia. Alikigeuza geuza. "Hiki kingeniingia jichoni," alisema, si kwa mtu yeyote. Halafu alimgeukia mwanawe mkubwa. "Mengine mtazungumza tukirudi. Ziba hilo tundu twende. Dada yangu ananingoja."

"Na mtoto abaki kwa mama yake," Kaka Mkubwa alisema.

"Mjukuu wangu nimemwahidi, nakwenda naye. Au na mimi nibaki?"

Kaka Mkubwa alitafuta turubai, akalifunga juu ya tundu kwa kamba, akivuta kila fundo kana kwamba linamdai. Kitanda hakikulalika tena. Vipande vilikuwa vimejipenyeza mpaka kwenye godoro. Basi mama mkwe alipanda mbele, kiti cha karibu na dereva, na mfuko wa plastiki mapajani kwa ajili ya kutapika. Chiriku akapewa benchi, kando ya mlango, na alifurahi kwa sababu lilikuwa na dirisha lake mwenyewe.

Bi Msasa alimkalisha, akamfunga vifungo vya sweta, akambusu kwenye paji la uso. Ndani ya kifua alihisi wepesi ambao hakuuhisi tangu juzi. Alichokiogopa alikuwa amekivunja kwa mkono wake mwenyewe. Nyumba watatafuta. Watu huhama kila siku, na hakuna aliyekufa kwa kuhama.

"Usimsumbue bibi," alisema.

"Mama, mkono wako unatoka damu."

"Imeshakauka. Kaa vizuri."

Alishuka. Kaka Mkubwa alikuja kwa hatua za hasira, akaushika mlango wa ubavuni, akaubamiza. Majirani walikuwa wanaongea tena wote kwa pamoja, mtu alikuwa anacheka, injini ilikuwa inanguruma. Gari liliyumba kidogo likivuka mtaro, likang'aa mara ya mwisho kwenye kona, na mkono mdogo ulikuwa ukipunga kwenye dirisha la mlango.

Watu walitawanyika. Bi Msasa alichukua ufagio, ule ule uliotajwa, akaanza kukusanya vipande vilivyoangukia nje. Alikuwa anapanga kichwani: godoro, sufuria, mashine, nani mwenye mkokoteni. Ilimchukua muda kugundua kwamba mumewe hajasogea. Kioo alikuwa amesimama pale pale karibu na ndoo, uso wake umekuwa na rangi ya plastiki iliyopauka.

"Usijali," alimwambia kwa upole. "Sikukasirikii kwa kunyamaza. Mama amepona jicho, mengine Mungu atafungua njia."

"Mama Chiriku."

"Nini?"

"Komeo."

Bi Msasa aliacha kufagia.

"Lilikuwa na ufa," Kioo alisema. Sasa maneno yalikuwa yanatoka, yote, bila kusukumana. "Nilipolifungua lilikuwa limepasuka katikati. Nililigonga, likasema ka. Nilitaka kumwambia kaka siku ile ile, na pia komeo, nikashindwa. Nikalitia gundi. Nikalipuliza moto ufa usionekane. Nilijua bibi na mtoto watakuwa kitandani, wako mbali na mlango. Hata mlango ukifunguka njiani, hakuna mtu ambaye angekaa pale. Nilijua hakuna mtu."

Ufagio ulianguka. Bi Msasa alikuwa anasikia kitu kingine, si sauti ya mumewe. Alikuwa anausikia mlango ukibamizwa, kati ya vicheko na mngurumo. Alikuwa ameusikia. Masikio haya yaliyofanya kazi miaka yote yalikuwa yameusikia yakanyamaza kwa sababu yeye alikuwa anajipongeza. Mlango ulisema ka.

"Piga simu!" alipiga kelele. "Mpigie!"

Alipiga yeye kwanza. Kaka Mkubwa alikata. Alipiga tena, akakata. Alimpigia mama mkwe, na simu ikaita, ikaita, mpaka wote wawili wakageuza vichwa: ilikuwa inalia ndani ya nyumba kubwa, nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli.

"Piga wewe. Wewe ni ndugu yake, atapokea."

Kioo alipiga. Ikapokelewa. Palisikika upepo, na turubai likipigapiga, na kwa mbali, juu ya yote, sauti ya Chiriku ikiimba.

"Ka... kaka," Kioo alisema. "Kaka, ni... ni..."

"Kama unaniombea mkeo msamaha, sitaki," Kaka Mkubwa alisema. "Na naendesha." Simu ikakatika. Kioo alipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Bi Msasa hakungoja. Alikimbia mpaka barabarani pekupeku, akasimama katikati mbele ya pikipiki ya kwanza iliyotokea, na dereva alishika breki akimtukana, kisha akamwona uso akaacha. Kioo alipanda nyuma yake. Walikaa watatu, na pikipiki ikashika njia ya barabara kuu.

"Ni gari gani tunalifukuza?" dereva aliuliza kwa sauti ya kushindana na upepo. "Wahi kuniambia, mama, nitaliona kwa mbali. Rangi gani?"

Kioo ndiye aliyemjibu. Alisema ni gari-nyumba, lina turubai juu, linang'aa, huwezi kulikosa. Bi Msasa alikuwa hasikii. Wenzake walikuwa wanaangalia mbele. Yeye alikuwa amegeuza shingo, anaangalia kando ya barabara, kwenye majani.